Hodi ya Chumba na Sebule

Anayenunua chumba na sebule katika jengo la ushirika mjini New York harudi nyumbani na hati ya nyumba. Hurudi na karatasi mbili: cheti cha hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, na mkataba wa ukazi unaompa haki ya kuishi katika fleti fulani maadamu hisa hizo ni zake. Kuta, ngazi, mabomba ya mvuke, paa na bustani ya katikati ni mali ya kampuni. Yeye ni mwanahisa wa kampuni na papo hapo ni mpangaji wake. Na kabla ya kuzishika karatasi hizo, ni lazima kwanza akubaliwe na wanahisa waliomtangulia.

Msomaji wa Nairobi hatashangaa sana. Kwa miaka mingi aliyenunua fleti kule alipewa mkataba wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo, hadi sheria ya mwaka 2020 ilipoanza kumpatia kila mwenye fleti hati yake mwenyewe. Tanzania nayo ina sheria ya mwaka 2008 inayomtambua mtu kuwa mmiliki wa sehemu ya jengo. Kitu ambacho msomaji huyo hakukikuta ni usaili: kuketi mbele ya bodi ya majirani watarajiwa, ukiwa umewakabidhi taarifa zako za benki, ripoti za kodi ya mapato na barua za watu wanaokufahamu, kisha kungoja jibu ambalo halilazimiki kuwa na sababu.

Hilo ndilo ninalotaka kulichambua, na mahali pa kulichambulia ni Jackson Heights, mtaa wa Queens. Huko ushirika wa nyumba ulijengwa kwa ustadi mkubwa na kwa nia ya kuwafungia watu fulani nje. Leo ni miongoni mwa mitaa yenye watu wa asili nyingi zaidi duniani. Mambo hayo mawili yalitokea katika majengo yaleyale, chini ya karatasi zilezile, na sijaridhika na maelezo mepesi kwamba nyakati zimebadilika.

Ukishuka kwenye treni namba 7 kituo cha Barabara ya 74, unakanyaga njia yenye maduka ya sari, dhahabu na viungo. Mtaa mmoja kando, Wabangladeshi wanauza samaki wa mitoni na kadi za simu. Chini ya reli, Watibeti na Wanepali wanachemsha momo. Ukielekea mashariki kwa Barabara ya Roosevelt, Kihispania cha Kolombia, Ekwado na Meksiko kinatawala, na arepa zinachomwa kando ya njia. Idadi ya lugha inayotajwa sana ni 167, na ilienea zaidi baada ya Frederick Wiseman kutoa filamu yake ndefu kuhusu mtaa huu mwaka 2015. Sasa geukia kaskazini, tembea dakika tano. Kelele zinakatika. Unakuta majengo ya matofali ya ghorofa tano au sita, yamepangwa kuzunguka eneo zima lililo kati ya barabara nne, na ukichungulia kupitia lango la chuma unaona majani. Hiyo ni bustani, na haiingiliki bila ufunguo.

Mpango huo ulikuwa wa Edward MacDougall na kampuni yake ya Queensboro. Daraja la Queensboro lilifunguliwa mwaka 1909 na kuiunganisha Manhattan na mashamba ya Queens, na treni ya juu ikafika mwaka 1917. MacDougall aliona kwamba mfanyakazi wa ofisi wa Manhattan angeweza sasa kulala penye hewa na kufika kazini kwa muda mfupi. Badala ya kujaza kiwanja kizima kwa vyumba vya giza, kama ilivyokuwa kawaida ya nyumba za kupanga za wakati ule, wasanifu wake walijenga pembeni na kuiacha katikati wazi. Andrew J. Thomas, msanifu wa Linden Court na baadaye wa The Chateau na The Towers, ndiye aliyelifikisha wazo hilo mbali. Fleti zake zilipata mwanga pande mbili na upepo ukapita kutoka chumba hadi chumba.

Kisha kampuni ikaanza kuziuza fleti hizo kwa hisa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 28 Agosti 1922 ilinunua muda katika kituo cha redio cha WEAF na kuzisifu fleti za Hawthorne Court. Wanahistoria wengi wa utangazaji wanalihesabu kuwa tangazo la kwanza kulipiwa redioni Marekani. Sauti iliweza kupokewa na yeyote mwenye redio. Fleti zenyewe hazikuwa za yeyote: Wayahudi na watu Weusi hawakuuziwa.

Hapa ndipo umbo la kisheria la ushirika linapokuwa muhimu. Kwingine Marekani, wenye nyumba waliowakataa Weusi waliandikiana maagano katika hati za viwanja, na mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema mahakama haziwezi kuyatekeleza. Ushirika haukuhitaji agano lolote. Hisa haziwezi kuhamishwa bila ridhaa ya kampuni, na ridhaa inaweza kunyimwa kimya kimya. Mwombaji anaambiwa asante, hatukuweza kukukubali. Hakuna maandishi ya kupeleka mahakamani. Ukuta wa namna hii hauna tofali hata moja, na ndiyo sababu ulidumu kuliko ule ulioandikwa.

Yuleyule Andrew Thomas alivuka mto miaka michache baadaye na kujenga Harlem. John D. Rockefeller Mdogo alimwajiri kusanifu Dunbar, majengo sita yenye fleti 511 kati ya Barabara ya 149 na ya 150, yaliyokamilika mwaka 1928 na kupewa jina la mshairi Paul Laurence Dunbar. Ulikuwa ushirika mkubwa wa kwanza wa makazi kwa watu Weusi mjini New York. Bustani ya katikati ipo. Mwanga wa pande mbili upo. Mwanazuoni W. E. B. Du Bois aliishi hapo, vilevile mwimbaji Paul Robeson, mshairi Countee Cullen, kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph na mpelelezi wa Aktiki Matthew Henson. Kila ninapolinganisha ramani za majengo ya msanifu huyu Queens na Harlem najiuliza kama aliona ajabu kuchora bustani ileile mara mbili kwa watu ambao hawakuruhusiwa kuketi pamoja ndani yake.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwapiga wote. Katika ushirika, jirani akishindwa kulipa ada yake ya mwezi, deni la jengo halipungui. Waliobaki ndio hugawana mzigo wake, na wao wakilemewa, jengo zima huenda. Dunbar ilirudi mikononi mwa Rockefeller mwaka 1936 na waliojiita wenye nyumba wakawa wapangaji. Jackson Heights nako majengo mengi ya ushirika yalirudi kuwa ya kupanga. Nitayarejea maumivu hayo, kwa sababu ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wanaotetea bodi, na si haki kuipuuza.

Kilichoufungua mtaa kilitoka nje ya majengo. Jiji la New York lilipitisha mwaka 1957 sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba za watu binafsi, ya kwanza ya aina yake nchini humo, na sheria ya taifa ikafuata mwaka 1968. Katikati, mwaka 1965, Marekani ilifuta mgao wa uhamiaji uliopendelea Ulaya ya kaskazini na magharibi. Wahandisi na madaktari wa Kihindi wakaja, Wakolombia wakaja, huku familia nyingi za Wazungu zikihamia vitongoji vya mbali. Mashoga na wasagaji walikuwa wamejipatia makao hapa tangu zamani. Baada ya Julio Rivera kuuawa mwaka 1990 kwa sababu ya jinsia aliyoipenda, walijipanga hadharani, na maandamano yao ya kila Juni yakaanza mwaka 1993. Mwaka huohuo sehemu kubwa ya mtaa ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria.

Jambo la pili halisimuliwi sana. Miaka ya 1980 wenye majengo ya kupanga, wakibanwa na udhibiti wa kodi, waliyageuza kuwa ya ushirika kwa wingi. Kwa mpango wa kutomfukuza mpangaji, ilitosha asilimia 15 ya fleti zipate wanunuzi ili jengo ligeuzwe. Wapangaji waliokuwa ndani waliuziwa kwa bei nafuu kuliko watu wa nje, na miongoni mwao walikuwemo wahamiaji. Hawakuketi mbele ya bodi yoyote, maana bodi ilikuwa haijazaliwa. Bodi ilitokana nao. Basi nikisema uwezo wa ushirika kuchagua watu ulilegea, namaanisha kwamba kwa kitambo kifupi mlango ulibandikwa ukutani huku watu wakiwa tayari ndani. Sheria ya mwaka 2019 ilipandisha kiwango hadi asilimia 51, tena ya wapangaji wanaoishi humo, na ugeuzaji wa namna hiyo umekauka.

Leo, basi, njia ni moja: kupiga hodi.

Tuchukue mfano. Muuguzi aliyezaliwa Mombasa, yuko New York mwaka wa kumi na mbili, ana kazi ya kudumu. Amependa chumba na sebule ya kale: ukumbi mdogo wa kuingilia, sakafu ya vipande vya mbao, dari ndefu, redieta inayonguruma alfajiri, dirisha linalotazama bustani. Bei dola 350,000, ada ya mwezi dola 900. Ada hiyo hujumuisha kodi ya ardhi na jengo, joto, maji, mishahara ya msimamizi na wapagazi, na sehemu ya mkopo ambao jengo lenyewe linadaiwa. Analeta kianzio cha asilimia 20, yaani dola 70,000, na kukopa 280,000. Kwa riba ya asilimia 6.5 kwa miaka 30 atalipa benki karibu dola 1,770 kila mwezi. Jumlisha ada: 2,670.

Bodi nyingi hutaka gharama hiyo isizidi takribani asilimia 28 ya kipato. Hesabu inadai mshahara wa dola 114,000 hivi kwa mwaka. Wengi hutaka pia mnunuzi abaki na akiba ya malipo ya mwaka mzima baada ya kulipa kila kitu, yaani dola 32,000 nyingine. Muuguzi wetu anahitaji zaidi ya dola 100,000 taslimu, bila kutaja mwanasheria, kwa chumba kimoja cha kulala.

Tuseme anazo. Sasa bodi inasoma taarifa zake za benki. Kila mwezi dola 600 zinaondoka kwenda Mombasa: ada ya shule ya mpwa, dawa za mama. Mwezi wa Machi dola 18,000 ziliingia kwa mkupuo, kwa sababu zamu yake katika chama ilifika. Dola 10,000 nyingine ni mchango wa ndugu wa Toronto na Minneapolis. Kwetu hizo ndizo dalili za mtu mwaminifu. Mtu haaminiwi katika chama cha miaka minane kama si mlipaji, na anayemtunza mama yake hatatoroka ada ya jengo. Kwa mhasibu anayesoma karatasi, zile 600 ni upungufu wa kipato, zile 18,000 ni fedha zisizo na asili, na zile 10,000 zinahitaji barua ya kuapa kwamba si mkopo. Hakuna mbaguzi katika chumba hicho. Wajumbe wenyewe huenda ni Mhindi, Mperu na mjane wa Kiayahudi ambaye wazazi wake wasingeuziwa hapa. Hata hivyo kipimo walichoshika kilitengenezwa kwa maisha ya mtu mmoja na mshahara mmoja, na mtu anayeishi kwa kushirikiana na jamaa hushindwa mtihani wa nyumba inayoitwa ya ushirika.

Kosa hili si dogo, na naliona ndilo kosa la msingi la mfumo kwa sasa. Mtaa huu umejaa vyama vya kuzungusha fedha: Walatini wana tanda, Wanepali wana dhikuti, sisi tuna chama, upatu, mchezo. Kipimo kisichoujua upatu hakiwezi kuwapima.

Akikataliwa, hataambiwa kwa nini. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ya New York iliamua kwamba majaji wasiingilie maamuzi ya bodi iliyotenda kwa nia njema, ndani ya mamlaka yake, kwa manufaa ya ushirika. Mwaka 2003 mahakama ileile iliitumia kanuni hiyo kukubali kwamba wanahisa wanaweza kupiga kura kumwondoa mwenzao anayewasumbua. Ubaguzi wa rangi, dini, asili au hali ya uhamiaji umekatazwa, na wapo walioshinda: mwaka 1997, katika mahakama ya shirikisho Manhattan, wenzi wawili, mume Mweusi na mke Mzungu, walipata fidia baada ya bodi kuwanyima ruhusa ya kupanga. Lakini kushinda kunahitaji ushahidi wa kile kilichosemwa nyuma ya mlango.

Wanaotetea ukimya wana hoja, nami naipa uzito wake. Katika msukosuko wa mikopo wa mwaka 2008, majengo ya ushirika ya New York hayakupoteza fleti nyingi kwa benki, kwa kuwa bodi zilikuwa zimekataa wanunuzi wenye mikopo mikubwa kupita kiasi. Anayekumbuka yaliyoipata Dunbar hawezi kudharau tahadhari hiyo. Jengo la fleti 60 ambalo watano hawalipi linaumia. Tena wajumbe hujitolea bila mshahara na huogopa kushtakiwa kwa kila neno watakaloandika. Lakini tahadhari ya fedha inaweza kuandikwa. Kama kiwango ni asilimia 28, kitangazwe kabla mtu hajalipia ukaguzi. Kama akiba haitoshi, aambiwe haitoshi kwa kiasi gani. Sioni sababu ya fedha isiyovumilia kusomwa na mtu inayemhusu, na ningependa sheria iilazimishe bodi kuitoa kwa maandishi.

Gharama za jengo kuukuu nitazipita haraka. Eneo likiwa la kihistoria, kubadili dirisha kunahitaji kibali cha tume ya jiji ya urithi. Majengo yasiyozidi ghorofa sita hayaguswi na ukaguzi wa nyuso wa kila miaka mitano, na hiyo ni nafuu kubwa hapa. Sheria ya mwaka 2019 ya hewa chafu, kwa upande mwingine, inayabana majengo mengi yenye zaidi ya futi za mraba 25,000: viwango vilianza mwaka 2024, vitakaza mwaka 2030, na kila tani ya ziada ina faini ya dola 268. Boila ya zamani inayolipasha joto jengo zima itabadilishwa kwa fedha za wanahisa. Mnunuzi asome hesabu za miaka kadhaa na kumbukumbu za vikao vya bodi kabla ya kupenda dirisha.

Neno ushirika linatudai kitu. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anaufahamu ushirika tangu miaka ya 1930: kila mwanachama kura moja, awe na miche mia au elfu. Jengo la ushirika la soko huria New York hupiga kura kwa hisa, na fleti kubwa ina hisa nyingi kuliko chumba na sebule. Kwa undani wake ni kampuni ya biashara. Ulikuwepo, na upo, ushirika wa aina nyingine katika jiji hilohilo. Abraham Kazan, mwana wa vyama vya wafanyakazi, alianzisha mwaka 1927 nyumba za Amalgamated huko Bronx, ambako anayehama harudishiwi bei ya soko. Mwaka 1963 aliongoza ujenzi wa Rochdale Village, fleti 5,860 kusini mwa Queens, Weusi na Wazungu pamoja, ikapewa jina la mji wa Uingereza ulikozaliwa ushirika wa kisasa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, jiji liliyauzia makundi ya wapangaji majengo yaliyotelekezwa, mara nyingi kwa dola 250 kila fleti, kwa sharti kwamba kipato cha wanunuzi wajao kiwe na kikomo. Zaidi ya majengo 1,000 yalipatikana kwa njia hiyo.

Jackson Heights haina mengi ya namna hiyo, na matokeo yanaonekana. Watu wanaoupa mtaa sifa yake, wapishi wa momo, wauza arepa, wasafisha vyumba wa hospitali ya Elmhurst iliyolemewa na wagonjwa wa korona mwaka 2020, kwa sehemu kubwa hawaishi kuzunguka bustani. Wanapanga vitanda, wanagawana vyumba, wanalala chini ya ardhi. Septemba 2021 mvua za kimbunga Ida ziliwaua watu 11 katika vyumba vya chini ya ardhi vya New York, wengi wao Queens. Fleti ya ushirika inatangazwa kwa kusifu mchanganyiko wa watu ambao yenyewe imewapangia bei ya kutoingia. Hilo linaniuma zaidi ya lango.

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Juni, baadhi ya majengo huwafungulia wageni bustani zake, na watu hupanga foleni kutazama miti iliyopandwa enzi za MacDougall. Mtaa una uhaba mkubwa wa viwanja vya umma. Watoto wa nje ya majengo walitegemea kiwanja kimoja kidogo cha Travers. Majira ya kuchipua ya mwaka 2020, watu walipokuwa wamefungiwa ndani kwa ugonjwa, jiji liliyazuia magari kwenye Barabara ya 34 katika vipande 26 vya njia kati ya makutano, kutoka Barabara ya 69 hadi Barabara ya Junction. Wakazi wenyewe walisogeza vyuma kila asubuhi, wakaanzisha madarasa ya Kiingereza na ngoma, wakapanda maua katikati ya lami. Wapo wenye fleti waliopinga kwa ajili ya maegesho. Lakini njia hiyo inapita katikati ya majengo ya ushirika yenyewe, na jioni utaona bibi wa ghorofa ya nne akishuka na kiti chake na kuketi nje ya lango, pembeni ya familia inayoishi watano chumba kimoja, watoto wakipita na baiskeli katikati yao.